Ping inajibu, kurasa hazifunguki: usiifute Linux bado

Swali

Nina laptopu ya ex-UK niliyonunua mjini, ina Linux ya Ubuntu 22.04. Tangu mwezi uliopita inaonyesha imeshika waifai ya nyumbani lakini kurasa hazifunguki. Simu ya mume wangu iko kwenye waifai hiyo hiyo na haina shida. Nikiandika ping 8.8.8.8 inajibu vizuri. Nikiandika ping na jina la tovuti, inaniambia "Temporary failure in name resolution". Binamu yangu alinielekeza niandike nameserver 8.8.8.8 ndani ya faili la /etc/resolv.conf, na kweli intaneti ikarudi, lakini nikizima laptopu na kuiwasha tena, tatizo liko palepale. Halafu jioni, hata siku ambazo imefanya kazi, inakatikakatika nikiwa chumba cha kulala. Kwa muda nilikuwa nafanyia kampuni moja kazi nikiwa nyumbani, kijana wao wa IT akaniwekea VPN. Mkataba ulipokwisha nikaitoa. Fundi anasema Linux ndiyo inayosumbua, nimlipe aniwekee Windows. Nifanyeje? — Msomaji, Umoja

Jibu

Dada, usimpelekee fundi hiyo laptopu. Barua yako ina ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba mashine ni nzima, draiva ya waifai ni nzima, na fiba ya nyumbani ni nzima. Kilichoharibika ni mpangilio mmoja mdogo, tena nadhani najua ni upi. Ya kukatikakatika jioni ni shida nyingine kabisa, isiyohusiana na hii, na nitaigusa baadaye. Tafadhali usizitibu zote mbili kwa pamoja, maana hutajua ni dawa gani iliyofanya kazi.

Tuanze na ile ping, amri ya kuiita mashine nyingine uone kama inajibu, kwa sababu watu wengi huiona inajibu kisha wanaipita. 8.8.8.8 ni anwani ya seva ya Google. Ili jibu likurudie, paketi, yaani kifurushi kidogo cha data, imetoka kwenye kadi ya waifai ya laptopu yako, ikafika kwenye ruta sebuleni, ikaingia kwenye fiba, ikapita kwa kampuni inayokuuzia intaneti, ikafika kwa Google na kurudi njia nzima. Hatua yoyote kati ya hizo ingekuwa imekufa, usingepata jibu. Kwa hiyo mtu anayekwambia Linux haielewani na waifai yako hajaitazama hiyo ping.

Ushahidi wa simu ya mzee, nao uupokee kwa tahadhari. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti, huhamia kwenye bando kimyakimya, na mwenye simu anaendelea kusoma WhatsApp akidhani ni fiba. Siku yoyote unapotaka kutumia simu kama kipimo, zima data kwanza. Safari hii hatuihitaji, ping imetutosha.

Sasa, njia iko wazi lakini majina hayapatikani. Kompyuta haisafiri kwa jina la tovuti, husafiri kwa nambari, na DNS ndiyo huduma inayoulizwa "jina hili ni nambari gani?" Wewe uko kama abiria aliyepata boda anayeijua Nairobi yote, ila hakuna wa kumwambia nyumba anayoitafuta iko mtaa gani. Laptopu yako inauliza, na anayeulizwa hajibu. Swali letu basi ni moja: inamuuliza nani?

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

`resolvectl status`

Utaona sehemu inayoanza na Global, kisha sehemu ya kila kadi ya mtandao. Kadi yako ya waifai huenda inaitwa wlp3s0 au wlp2s0, au kitu cha aina hiyo. Chini yake tafuta mstari wa "DNS Servers". Mambo yakiwa sawa, hapo huwa pana anwani ya ruta yako, labda 192.168.100.1 au 192.168.1.1, au anwani za kampuni ya intaneti. Ukikuta nambari inayoanza na 10, kwa mfano 10.20.0.5, ambayo haifanani kabisa na mtandao wa nyumbani kwako, basi umempata mhusika.

Nashuku hilo kwa sababu ya ile VPN, njia ya faragha iliyoiunganisha laptopu yako na mtandao wa ofisi. Ofisi nyingi zina seva yao ya DNS ya ndani, inayojua majina ya mashine za ofisini. Ili laptopu ya mfanyakazi aliye nyumbani iyaone majina hayo, mtu wa IT mwenye haraka huingia kwenye mpangilio wa waifai ya nyumbani na kuandika hapo anwani ya seva ya ofisi kwa mkono. VPN ikiwa juu, seva hiyo inafikika na kila kitu kinakwenda. Ukiitoa VPN, mpangilio wa waifai unabaki vilevile. Laptopu inaendelea kuuliza seva iliyo nyuma ya ukuta wa ofisi ambayo haiwezi tena kuifikia. Inasubiri, inakata tamaa, inakuandikia ule ujumbe. Hiyo tarehe ya "tangu mwezi uliopita" uilinganishe na tarehe uliyoiondoa VPN. Zikikaribiana, huna haja ya kutafuta mbali.

Kabla ya kugusa chochote, thibitisha kwa amri mbili:

`nslookup www.wikipedia.org`

`nslookup www.wikipedia.org 8.8.8.8`

Ya kwanza inauliza kwa njia ya kawaida ya mashine yako. Ya pili inamuuliza Google moja kwa moja. Kama ya kwanza inashindwa na ya pili inaleta anwani, kesi imekwisha: huduma ya majina iliyoandikwa kwenye mpangilio wako ndiyo iliyokufa, na hakuna kingine.

Nieleze pia kwa nini dawa ya binamu yako haikudumu, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa na Linux bila sababu. Andika:

`ls -l /etc/resolv.conf`

Utaona mshale unaoonyesha /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Maana yake /etc/resolv.conf kwenye Ubuntu ni kiungo tu, faili lenyewe liko ndani ya /run, na /run hukaa kwenye RAM. Ukizima mashine, kila kilichomo kinafutika. Ukiiwasha, programu ya systemd-resolved huliandika faili upya. Ulichokiandika kilikuwa sahihi na kilifanya kazi, ila ulikiandika mahali panapofutwa kila unapozima. Ukilifungua faili hilo leo utakuta "nameserver 127.0.0.53". Usishtuke wala usiifute. Hiyo ni laptopu ikijiuliza yenyewe: programu zote humuuliza systemd-resolved hapo ndani, naye ndiye anayekwenda kuuliza nje. Ndiyo maana tunamrekebisha yeye huko anakopata maagizo, na maagizo hayo yanatoka NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao.

Utakutana na mtu atakayekushauri ulifunge faili hilo kwa amri ya chattr +i ili lisibadilike tena. Nakuomba usimsikilize. Litafanya kazi nyumbani, halafu siku utakayobeba laptopu hadi hotelini au maktaba, mahali penye ukurasa wa kuingia kwanza kabla ya kupewa intaneti, ukurasa huo unaweza kukataa kufunguka, na utakuwa umeshasahau ulifunga nini. Kama umeshafanya hivyo, fungua kwa sudo chattr -i kisha jina la faili. Na kama ulikifuta kiungo ukaweka faili la kawaida, kirudishe hivi:

`sudo ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`

Sasa dawa yenyewe. Kama hupendi terminali, ingia Settings, kisha Wi-Fi, bofya kigurudumu kilicho kando ya jina la waifai yako, nenda IPv4. Kwenye mstari wa DNS utakuta swichi ya Automatic imezimwa na ile anwani ya ofisi imeandikwa. Futa anwani, washa Automatic, bonyeza Apply. Angalia na ukurasa wa IPv6 vilevile. Kisha zima waifai na kuiwasha.

Kwa terminali ni haraka zaidi. Badala ya "Nyumbani" weka jina la waifai yako kama linavyoonekana kwenye nmcli connection show:

`nmcli -f ipv4.dns,ipv4.ignore-auto-dns connection show "Nyumbani"`

`nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "" ipv4.ignore-auto-dns no`

`nmcli connection up "Nyumbani"`

Amri ya kwanza inakuonyesha kilichoandikwa, na ukiona "yes" kwenye mstari wa ignore-auto-dns, ujue laptopu iliamriwa kuipuuza DNS inayopewa na ruta. Ya pili inafuta amri hiyo. Ya tatu inaunganisha upya. Rudia resolvectl status, halafu zima mashine kabisa na kuiwasha, kwa sababu kwako kipimo halisi ni kama itaamka salama asubuhi.

Je, uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1 ya Cloudflare badala ya Automatic? Si vibaya, na zipo siku DNS ya kampuni ya intaneti inalala ilhali fiba yenyewe iko macho. Lakini kama ile ya kampuni yako inafanya kazi, mimi ningeiacha. Video na tovuti kubwa huhifadhi nakala za mambo yao kwenye seva zilizo karibu na watumiaji, nyingine zikiwa hapa hapa Nairobi. Seva ya DNS unayoiuliza huchangia kuamua utatumwa kwenye nakala gani. Tangu KIXP, kituo cha Nairobi ambako kampuni za intaneti hupitishiana data, kilipofunguliwa upya mwaka 2002, mawasiliano mengi ya ndani ya nchi hayana haja ya kuzunguka Ulaya kwanza. Ni faida ambayo haifai kupotezwa kwa sababu ya mazoea tu. Ukitaka akiba, iandike kwenye karatasi ubandike kando ya ruta: siku majina yakikataa, weka 1.1.1.1 kwa muda, kisha uitoe.

Kuna mabaki mengine ya VPN yanayofaa kukaguliwa ukiwa hapo hapo. Andika nmcli connection show uone kama kuna muunganisho usioujua, hasa wenye jina linalotaja VPN, tun, wg au killswitch. Baadhi ya programu za VPN huweka muunganisho wa bandia wa kuzuia data isivuje VPN ikikatika, na ukiiondoa programu bila kuizima kwanza, kizuizi kinabaki. Kwako hakijazuia, la sivyo ping isingejibu, ila kama kipo kiondoe kwa nmcli connection delete. Kisha andika ip route. Mstari unaoanza na "default" unapaswa kuonyesha ruta yako na kadi yako ya waifai. Ikiwa iko mistari miwili ya default, mashine hufuata yenye nambari ndogo ya metric. Kwa kawaida kebo hupewa 100 na waifai 600, kwa hiyo kebo iliyochomekwa kwenye ruta isiyo na intaneti inaweza kukukosesha mtandao huku waifai iko sawa.

Endapo majina yatapatikana na bado kurasa zitakataa, yako mambo mawili ya kutazama kwenye laptopu ya ex-UK. La kwanza ni saa. Betri ndogo ya ubao wa mama ikifa, tarehe hurudi miaka nyuma kila mashine ikikosa umeme, na kivinjari hukataa tovuti zote za https kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Amri ya timedatectl itakuonyesha. La pili ni ukubwa wa paketi, ambalo huonekana pale kurasa nyepesi zinapofunguka na nyingine zinapozunguka bila mwisho. Jaribu:

`ping -M do -s 1472 1.1.1.1`

`ping -M do -s 1464 1.1.1.1`

Ukiongeza baiti 28 za vichwa, ya kwanza ni paketi ya 1500 na ya pili ni ya 1492, ambacho ndicho kipimo cha laini za PPPoE, njia ambayo baadhi ya kampuni za intaneti hutumia kumuunganisha mteja. Ikiwa ya pili inapita na ya kwanza inakwama, hilo ni jambo la mpangilio wa ruta, na kampuni ya intaneti ndiyo inayopaswa kulitengeneza.

Tuje kwenye jioni.

Hapa achana na 8.8.8.8. Ukiwa chumbani saa ile inapokatika, ipigie ping ruta yenyewe, kwa anwani uliyoiona kwenye ip route:

`ping 192.168.100.1`

Iache iende dakika chache. Ruta iko mita chache kutoka ulipo, inapaswa kujibu ndani ya milisekunde chache. Ikiwa majibu yanaruka kutoka 3 hadi 400, au yanapotea, tatizo liko hewani ndani ya nyumba yako, na hata ukiipigia simu kampuni ya fiba usiku kucha hawataweza kukusaidia. Ikiwa ruta inajibu vizuri wakati huohuo 8.8.8.8 inapoteza paketi, basi wewe huna kosa, wapigie, na uwaambie hivyo hivyo ulivyopima. Mteja anayesema "ruta inajibu kwa milisekunde 2 lakini nje napoteza robo ya paketi" hasumbuliwi sana na lile agizo la kuzima na kuwasha.

Kwa ghorofa za Umoja dau langu liko hewani. Kila nyumba ina ruta yake, na jioni kila mtu amerudi. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ruta za jengo zima zinagombania hizo. Andika nmcli device wifi list uone zilivyorundikana kwenye safu ya CHAN. Chaneli za kuanzia 36 kwenda juu ni za 5 GHz, ambako nafasi ni kubwa zaidi. Ila kuta zetu za mawe huzinyonya 5 GHz vibaya, kwa hiyo inayofanya kazi vizuri sebuleni huenda ikafika chumbani ikiwa hoi. Kama ruta yako imefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, itoe na kuiweka juu, karibu na mlango wa korido. Hilo peke yake limewatosha wengi. Kama unayo nafasi ya kupitisha kebo hadi mezani pa kazi, ipitishe. Kwa mtu anayetegemea intaneti kupata riziki, hiyo ni bora kuliko ruta mpya ya bei.

Kisha kuna jambo ambalo kweli ni la Linux, na sitaki kulificha. Ubuntu huwasha hali ya kuokoa umeme kwenye kadi ya waifai, na baadhi ya kadi za laptopu hizi za zamani husinzia kupita kiasi, hasa mawimbi yakiwa dhaifu. Izime kwa muunganisho wa nyumbani pekee:

`nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.powersave 2`

`nmcli connection up "Nyumbani"`

Nambari 2 ni ya kuzima, 3 ni ya kuwasha. Betri itapungua kasi kidogo zaidi, hutalihisi sana. Fanya hili siku tofauti na ile ya kuhamisha ruta, ili ujue lipi lilisaidia.

Stima ikipotea na kurudi, ipe ruta dakika chache kabla ya kuilaumu laptopu, kwa sababu kisanduku cha fiba kinahitaji muda wa kuwasiliana tena na mtambo wa kampuni. Ukiona taa ya LOS ni nyekundu, mwanga haufiki nyumbani, na hilo haliko mikononi mwako. Ukiona laptopu haijapata anwani, huenda ilijaribu kuunganishwa kabla ruta haijawa tayari kugawa anwani. Zima waifai uiwashe.

Na ziko siku ambazo kila kitu nyumbani kiko sawa, tovuti za hapa zinafunguka haraka, za ng'ambo zinatambaa. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na Afrika Mashariki nzima ililionja hilo. Siku kama hiyo usibadilishe kitu chochote kwenye laptopu. Utaharibu kilichokuwa kizima, na kebo ikitengenezwa utabaki na tatizo lako mwenyewe.

Ukifanya haya na mstari wa DNS Servers uonyeshe kitu tofauti na nilivyokisia, niandikie tena. Nitumie majibu ya resolvectl status na ip route kama yalivyo, anwani zinazoanza na 192.168 au 10 hazina siri yoyote. Usinitumie wala usimtumie mtu mwingine yeyote mafaili ya /etc/NetworkManager/system-connections, hata akikuomba kwa upole, kwa sababu nenosiri la waifai yako huandikwa humo waziwazi.